Sungura Aliyepotea 1928: Historia ya Disney kwa Wanaochora

Ndugu zangu, asanteni kwa kunialika. Tangazo pale mlangoni linasema nitazungumzia historia ya Disney. Nikiisimulia yote tutalala humu, na najua wengine mna daladala za kuwahi, kwa hiyo nitaruka mengi. Filamu unayoipenda nisipoitaja, usininunie. Nyinyi mnachora, na wengi wenu mtaanza kusaini mikataba mwaka huu au mwakani. Basi nimeona nifuate uzi mmoja tu: mchoro ukishatoka mkononi mwa aliyeuchora, unakuwa mali ya nani? Swali hilo liliiumiza kampuni hii ikiwa changa. Ilipokua, likawaumiza wengine mikononi mwake.

Walt Disney alizaliwa Chicago tarehe 5 Desemba 1901, na sehemu ya utoto wake aliishi shambani Marceline, jimbo la Missouri. Kampuni yake ya Laugh-O-Gram aliianzisha Kansas City mwaka 1922, akiwa kijana wa miaka 20; mwaka uliofuata ikafilisika. Akapanda treni kwenda California alikokuwa kaka yake, Roy. Tarehe 16 Oktoba 1923 wakapata mkataba na Margaret Winkler, mwanamke aliyekuwa msambazaji wa katuni New York. Siku hiyo ndiyo kampuni inaihesabu kuwa ya kuzaliwa kwake. Walt alikuwa wa kubuni, Roy wa pesa. Bila Roy naamini tusingekuwa hapa jioni hii tunamzungumzia mdogo wake, lakini mtunza hesabu nani amwimbe?

Winkler akaolewa na Charles Mintz, na Mintz akaichukua biashara. Mwaka 1927 akina Disney wakaanza kumtengenezea katuni za sungura aliyeitwa Oswald, zikitolewa kupitia kampuni ya filamu ya Universal. Sungura akapendwa. Mapema mwaka 1928 Walt akaenda New York na mkewe, Lillian, kuomba aongezewe bajeti. Mintz akajibu kwa kutaka kuipunguza. Kisha akamwambia na la pili: wachoraji wako karibu wote nimeshakubaliana nao, wanakuja kwangu. Walt kurudi kwenye mkataba, anakuta Oswald ni mali ya Universal. Alimbuni yeye, wakamchora watu wake, na kisheria hakuwa na hata sikio moja la yule sungura.

Mchoraji mkubwa aliyekataa kuhama ni mmoja, Ub Iwerks, rafiki yake wa tangu Kansas City. Mtasikia kwamba Mickey Mouse alibuniwa ndani ya treni ya kurudi California. Ni hadithi tamu, na kampuni imeisimulia sana. Lakini aliyekaa kwenye meza na kumchora panya katuni nzima ni Iwerks, tena kwa siri, kwa sababu wale waliokwishauzwa kwa Mintz walikuwa bado ofisini wakimalizia katuni za Oswald. Hebu fikirieni hiyo ofisi: chumba hiki watu wanamaliza sungura wasiomiliki, chumba kile mtu anachora panya na kuficha karatasi mlango ukifunguliwa.

Katuni mbili za mwanzo za Mickey zilikuwa bubu na hazikupata mnunuzi. Ya tatu wakaamua iwe na sauti, na hapa nataka mtazame kazi yenyewe kwa karibu. Filamu ya sauti inakimbia picha 24 kwa sekunde. Kijana mmoja wa studio, Wilfred Jackson, alikuwa na mama mwalimu wa muziki, akakijua kile kifaa cha wanamuziki kinachogonga mapigo. Wakapiga hesabu: pigo moja la muziki ni picha ngapi. Kuanzia hapo mguu wa panya ungeweza kugusa sakafu hasa pale ngoma inapolia. Walt akaenda New York kurekodi na okestra. Mara ya kwanza ikaharibika kabisa, wapigaji na picha kila mmoja na safari yake. Akauza gari lake kupata pesa za kurudia. Mara ya pili, kwenye nakala ya filamu aliyokuwa anaitazama kiongozi wa okestra, wakachapa alama iliyoruka juu na chini kuonyesha pigo. Ikakaa. Tarehe 18 Novemba 1928, Steamboat Willie ikaonyeshwa kwenye ukumbi wa Colony, New York.

Universal wenyewe walimtaka panya, lakini walitaka pia kummiliki. Walt akakataa. Akachukua mkataba na Pat Powers, mwenye mitambo ya sauti, akabaki na umiliki. Powers naye alikuwa wale wale: mwaka 1930 akamvuta Iwerks aondoke. Iwerks alikuwa na asilimia 20 ya kampuni. Akaiuza kwa akina Disney kwa dola 2,920. Najua mnataka kupiga hesabu ya thamani yake leo. Msifanye hivyo, mtaumwa kichwa. Baada ya miaka 10 alirudi kufanya kazi hapo, safari hii kwa mshahara.

Umiliki ulianza kulipa haraka. Mnamo 1932 mfanyabiashara Kay Kamen alipewa kazi ya kuuza leseni za picha za Mickey, na mwaka uliofuata zikatoka saa za mkono za Ingersoll ambazo mikono ya panya ndiyo mishale. Katuni ilikuwa ghali kutengeneza. Saa, daftari na vikombe ndivyo vilivyoleta faida ya kueleweka.

Filamu ya Snow White nitaipita mbio, si kwa sababu ni ndogo. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 21 Desemba 1937 huko Los Angeles, iligharimu karibu dola milioni 1.5, na Hollywood walishaipa jina la upuuzi wa Disney kabla hawajaiona. Ikaingiza pesa nyingi sana. Walt akapewa tuzo maalumu ya Oscar, sanamu moja kubwa na saba ndogo, na zile pesa zikajenga studio mpya Burbank.

Na humo ndani ya studio mpya ndimo swali letu lilipogeuka.

Miaka ile ya 1930 katuni fupi za Disney zilionyesha jina moja kubwa, la Walt. Aliyechora miguu, aliyechora moto, wanawake waliokuwa wakinakili mistari kwa wino kwenye karatasi angavu za selulodi na kupaka rangi upande wa nyuma, wote hawakutajwa. Mishahara ilipishana vibaya: mchoraji wa juu aliweza kufika dola 300 hivi kwa wiki, wa chini hakufika hata 20. Halafu vita ikafunga soko la Ulaya. Pinocchio na Fantasia za mwaka 1940 zikashindwa kurudisha gharama zake, na kampuni ikawa imeuza hisa kwa umma. Watu wakaanza kupunguzwa.

Art Babbitt alikuwa miongoni mwa wachoraji wanaolipwa vizuri. Mwendo wa Goofy mnaoujua, yeye ndiye aliyeupa maisha. Huyu ndiye aliyejiunga na chama cha wachora katuni akawatetea wa chini. Mwishoni mwa Mei 1941 Walt akamfukuza. Kesho yake, tarehe 29, mgomo ukaanza getini Burbank. Na mgomo wa wachoraji jamani si mgomo wa kawaida, mabango yale yalikuwa maonyesho. Moja liliuliza: sisi ni panya au ni watu? Inasimuliwa kwamba Walt alipokuwa anapita na gari lake Babbitt alimzomea kwa kipaza sauti, na bosi akashuka akitaka kupigana, watu wakamshika.

Ulidumu majuma kama tisa. Walt alipelekwa Amerika Kusini kwa ziara ya urafiki iliyodhaminiwa na serikali, na akiwa hayupo shauri likasuluhishwa. Chama kikatambuliwa, mishahara ikapangwa upya, na majina ya wachoraji yakaanza kuandikwa kwenye katuni. Mwaka 1947, mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, Walt alisema nyuma ya mgomo ule kulikuwa na wakomunisti. Hakuwasamehe. Baadhi ya walioondoka walikwenda kuanzisha studio ya UPA, iliyobadilisha kabisa sura ya katuni miaka ya 1950. Mimi, kwa maoni yangu, tukio hili nalipa uzito kuliko Snow White. Mtu aliyelia mwaka 1928 kwamba kazi ya mikono yake imechukuliwa, miaka 13 baadaye hakuweza kuwaelewa watu waliokuwa nje ya geti lake wakisema jambo linalofanana.

Tuje kwenye bustani ya michezo. Walt aliitaka, bodi na mabenki hawakuitaka. Mwaka 1952 akafungua kampuni yake binafsi, baadaye ikaitwa WED, na mwaka 1953 akafanya jambo ambalo bado linanishangaza: akaikodisha kampuni ya Walt Disney jina la Walt Disney. Kwamba jina langu ni langu, mkilitaka kwenye bidhaa mnilipe. Mwanahisa mmoja akaenda mahakamani. Roy alikasirika, lakini mpango ukapita. Somo la sungura lilikuwa limeingia hadi kwenye mifupa.

Pesa zilitoka kwenye televisheni. ABC ilikuwa kituo dhaifu chenye njaa ya vipindi. Ikaweka dola 500,000, ikadhamini mikopo ya dola milioni 4.5, ikapata zaidi ya theluthi moja ya bustani na kipindi cha kila wiki. Miaka michache baadaye, 1960, Disney ikakinunua kile kipande kwa dola milioni 7.5. Na mwaka 1996, ikaimeza ABC nzima kwa dola bilioni 19.

Disneyland ilijengwa kwenye mashamba ya michungwa Anaheim, ekari 160, kwa muda wa mwaka mmoja na dola milioni 17. Ilifunguliwa Jumapili, tarehe 17 Julai 1955, ikirushwa moja kwa moja na ABC. Mmoja wa watangazaji alikuwa mwigizaji Ronald Reagan. Siku ile ilikuwa kasheshe. Tiketi za bandia zilizagaa, watu wakajaa mara mbili ya walioalikwa. Jua lilikuwa kali na lami mbichi, visigino vya akina mama vikazama. Mafundi bomba walikuwa wamegoma majuma machache kabla, na muda haukutosha kumaliza vyote: ama vyoo vifanye kazi, ama mabomba ya maji ya kunywa. Walt akachagua vyoo. Magazeti yakasema amekausha maji makusudi ili watu wanunue soda. Majuma saba baadaye mgeni wa milioni moja alikuwa ameshaingia.

Kilichomkera zaidi ni kilichokuja baadaye: moteli na mikahawa ya watu wengine vilivyochipuka kuzunguka ukuta wake, vikila kwa mgongo wake. Kwa hiyo Florida walinunua kimya kimya, kupitia kampuni za majina yasiyomtaja, kama Reedy Creek Ranch na Ayefour, hadi wakafika ekari 27,000 hivi, kwa wastani wa chini ya dola 200 kila ekari. Oktoba 1965 gazeti la Orlando Sentinel likatoboa siri na bei ikapaa. Walt hakuiona bustani ile. Alifariki tarehe 15 Desemba 1966 kwa saratani ya mapafu. Roy, aliyekuwa anataka kustaafu, akabaki akaisimamia hadi ilipofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, akaamuru iitwe Walt Disney World, jina kamili la mdogo wake. Desemba ile ile Roy naye akafariki.

Tokyo 1983, Paris 1992, wawindaji wa hisa waliotaka kuivunjavunja kampuni 1984, ujio wa Michael Eisner kama mkuu wa kampuni, ununuzi wa studio za Pixar, Marvel, Lucasfilm: hivyo mtavisoma wenyewe. Nataka muda wangu uliobaki niutumie Afrika.

Wasanii wa The Lion King walikuja Kenya kutazama ardhi na wanyama, wakapita Hell's Gate karibu na Naivasha. Filamu ikatoka 1994. Ndani yake kuna wimbo unaoimbwa na Timon na Pumbaa, "The Lion Sleeps Tonight", na wimbo huo una baba. Solomon Linda, Mzulu, aliurekodi mwaka 1939 Johannesburg kwenye studio ya Gallo, na kundi lake la Evening Birds, ukiitwa "Mbube". Haki zake ziliishia kwa shilingi 10. Ukavuka bahari, ukabadilishwa jina na maneno, ukarekodiwa tena na tena, ukawatajirisha watu ambao hawakumjua. Linda alifariki 1962, maskini. Mabinti zake walikuwa Soweto wakati watoto wa dunia nzima wanauimba.

Wakili Owen Dean akapata mlango ambao wengi hawakuukumbuka. Sheria ya Uingereza ya hakimiliki ya mwaka 1911, iliyotumika katika himaya yake yote, ilisema kwamba miaka 25 baada ya mtunzi kufa, haki alizokuwa ameziuza zinarudi kwa warithi wake. Hesabu: 1962 na 25 ni 1987. Kwa hiyo filamu ilipotoka, ndani ya nchi zilizokuwa za himaya hiyo, wimbo ulikuwa tayari wa mabinti. Mwaka 2004 wakaishtaki Disney Afrika Kusini. Na ili mahakama ya kule iwe na nguvu juu ya kampuni ya kigeni, Dean akaomba ishikilie mali zake zilizopo nchini: alama za biashara. Zaidi ya 200, Mickey Mouse na Donald Duck wakiwemo. (Kicheko ukumbini.) Ndiyo, panya alishikwa kwa deni Pretoria.

Tuwe waungwana: Disney ilisema, na ni kweli, kwamba ilikuwa imelipia leseni kwa kampuni ya Marekani ya Abilene iliyodai haki za wimbo. Shauri liliisha kwa maelewano Februari 2006, warithi wakalipwa malimbikizo na kuwekewa fungu la mrabaha wa mbele, na jina la Linda likatambuliwa kama mtunzi mwenza.

Sasa angalieni kalenda. Februari hiyo hiyo ya 2006, Disney ilikuwa na mtangazaji wa michezo, Al Michaels, ambaye kituo cha televisheni cha NBC walimtaka. NBC walikuwa nyumba moja na Universal. Mkuu mpya wa Disney, Bob Iger, akasema sawa, mchukueni, lakini pamoja na mengine tupeni sungura. Oswald akarudi nyumbani baada ya miaka 78. Nimejiuliza mara nyingi kama kuna mtu kwenye jengo lile aliyeziweka habari hizo mbili kwenye meza moja.

Kuna mlango mwingine wa kwetu. Bustani ya Animal Kingdom, Florida, iliyofunguliwa tarehe 22 Aprili 1998, ina mji wa kubuni uitwao Harambe ambao waliuiga kutoka Lamu. Kuta zilizochubuka, vibaraza, ngome. Mibuyu ya saruji. Kazi ya mikono ni nzuri mno, niseme ukweli, wale mafundi walitazama. Ila mtindo wa mji hauna hakimiliki, kwa hiyo hapo Lamu haina la kudai. Na mwaka 2023 Disney ilitoa mkusanyiko wa katuni fupi 10 za Kiafrika, Kizazi Moto. Humo mna Enkai ya Ng'endo Mukii wa Kenya na Herderboy ya Raymond Malinga wa Uganda. Majina yao yameandikwa kwenye kazi zao, jambo ambalo mchoraji wa Burbank wa 1935 asingelipata.

Nipokee maswali mawili, ukumbi unahitajika.

Dada pale mbele anauliza kuhusu "Hakuna Matata", kama ni kweli wameinunua. Disney iliomba isajiliwe kama alama ya biashara Marekani mwaka 1994, usajili ukatoka 2003, kwa ajili ya nguo. Mwaka 2018 maombi ya mtandaoni ya kuipinga yalipata sahihi nyingi sana. Kuisema, kuiimba, kuiandika kwenye kitabu, hakuna anayekuzuia. Them Mushrooms wa Mombasa walikuwa nayo kwenye "Jambo Bwana" mwaka 1982, kabla ya simba yeyote. Lakini ukipeleka fulana zenye maneno hayo kuuza Marekani, barua ya wakili inaweza kukufikia. Hilo linaniudhi kama linavyokuudhi wewe.

Kaka wa nyuma: je, Mickey si ameachiliwa, tunaweza kumtumia? Mwaka 1998 Bunge la Marekani liliongeza muda wa hakimiliki za kazi kama hizi hadi miaka 95, na watu waliiita sheria hiyo kwa jina la panya. Miaka hiyo ya Steamboat Willie iliisha, na tarehe 1 Januari 2024 ikawa ya umma kule Marekani. Nchi nyingine zina hesabu zake, ya hapa muulizeni wakili. Kilichoachiliwa ni panya yule wa 1928: mweusi na mweupe, macho kama vidonge, mikono mitupu. Glavu alizivaa 1929, hizo zimetoka Januari 2025. Alama ya biashara haijaisha, kwa hiyo usimtumie kwa namna itakayomfanya mnunuzi adhani bidhaa ni ya Disney. Na ukimtaka yule wa Fantasia, mwenye mboni machoni na kofia ya mchawi, chora kingine kwanza, maana huyo anatoka Januari 2036.